Pistoni Kuukuu na Amana ya Mayatima

Wasomaji wetu wapenzi, pengine mtastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye elimu yake ni Kurani na darasa saba za shule ya msingi, akishika kalamu kuandika habari za injini ya pikipiki. Nasi tulistaajabu vivyo hivyo siku tulipotambua kwamba kipande cha aluminiamu kisichojaa kiganja kimetufunza jambo ambalo tumekuwa tukiwasomesha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sisi wenyewe hatujalishika. Basi twaomba mtuvumilie, kwani habari hii ina fundisho kwa kila nyumba yenye mali ya mtu mwingine ndani yake.

Sisi twakaa Nyakatuntu, upande wa magharibi wa mkoa wa Kagera. Zamani tulikuwa katika wilaya ya Karagwe, na tangu mwaka 2012 tumo katika wilaya mpya ya Kyerwa. Nchi yetu ni ya vilima, migomba na mibuni, na mtu asiye na chombo cha kumchukua hupoteza nusu ya siku yake njiani. Marehemu kaka yetu alilijua hilo mapema. Mwaka 1988, baada ya mavuno mema ya kahawa, alinunua pikipiki Honda CG125 kwa bwana mmoja aliyekuwa akihama. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa nzima, na kaka akaitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa.

Pikipiki hiyo yafaa ielezwe kidogo. Ilianza kutoka kiwandani mwaka 1976, nayo iliundwa makusudi kwa nchi kama zetu, ambako chombo hubebeshwa mizigo mizito na matengenezo yake ni haba. Waundaji waliacha mnyororo wa kuendeshea valvu, ambao hutaka kukazwa mara kwa mara, wakaweka fimbo za chuma za kuzisukuma. Silinda yake ni moja tu, ina upana wa milimita 56.5, na pistoni husafiri ndani yake milimita 49.5 kwenda juu na kadhalika kurudi chini. Injini hiyo iliigwa sana huko China, na bodaboda nyingi zipitazo leo katika barabara zetu zina injini za ukoo wake. Kwa hiyo haya tutakayoyasema hayamhusu mwenye pikipiki kongwe peke yake.

Kaka yetu alifariki mwaka 2018. Aliacha mjane na watoto watatu: wa kwanza wa kiume, aliyekuwa akianza kidato cha kwanza, na wadogo wawili ambao hata hawajabaleghe. Aliacha pia shamba la kahawa na hiyo pikipiki. Wazee wa ukoo walikaa, wakatukabidhi sisi usimamizi wa mali ile. Pikipiki tuliiegemeza chini ya upenu, tukaifunika turubai, na kwa muda wa miaka mitatu na kitu haikuguswa ila na kuku.

Kijana alipomaliza kidato cha nne, mwishoni mwa mwaka 2021, alitujia kwa adabu, akasema, "Baba mdogo, niruhusu niifufue pikipiki ya baba. Nitabeba ndizi na abiria, nipate karo ya wadogo zangu." Maneno yalikuwa mema, tukamkubalia. Injini iliposafishwa iliwaka, lakini ilitoa moshi wa samawati na haikuwa na nguvu ya kupanda mlima. Fundi wa kwanza tuliyemwita aliifungua, akaitoa pistoni, akaitazama mara moja tu, akasema, "Hii imekufa. Nunueni mpya."

Hapa ndipo kosa letu lilipoanzia, nasi hatutalificha. Fedha ya pistoni mpya na gharama za fundi haikuwapo. Ilikuwa mwezi wa Machi, kahawa bado mbichi mtini. Tungeweza kungoja mavuno. Lakini sisi wenyewe tulikuwa na haja na pikipiki ile, kwani tulikuwa tukienda kwa miguu kila Jumamosi kusomesha katika kijiji cha pili, na moyoni tulikwisha jiona tuko juu yake. Basi tulimwendea mnunuzi, tukamwuzia magunia mawili ya kahawa ya mayatima ingali juu ya miti. Biashara hiyo kwetu huitwa butura. Kila mtu wa Karagwe na Kyerwa aijua, na kila mtu ajua kwamba mwuzaji ndiye apunjwaye. Serikali nayo imeipiga vita. Tulijiambia kwamba twafanya kwa faida ya watoto. Nafsi ya mtu haikosi hoja.

Pistoni mpya ikaletwa, imefungwa katika karatasi yenye kung'aa. Fundi aliisukuma ndani ya silinda kwa kidole, ikateleza. "Yaingia vizuri," akasema, akafunga. Hakupima kitu. Nasi hatukuuliza kitu, kwa sababu kitu kipya humfumba mtu macho. Pistoni ya zamani ilitupwa pembeni, lakini kijana aliiokota pamoja na ringi zake na pini yake, akazitia katika kopo la maziwa. Tulipomwuliza za nini, akajibu, "Zilikuwa za baba."

Siku ya tisa, katika mvua za Aprili, kijana alimpakia dada yake wa darasa la sita, wakipanda mlima katika njia ya Nkwenda. Katikati ya mlima injini ilikaza ghafla, gurudumu la nyuma likafunga, nao wakaanguka matopeni. Kijana alichubuka magoti. Binti aliteguka mkono, akakaa wiki tatu bila ya kushika kalamu. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba halikutokea gari nyuma yao.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa mjane. Alikuwa akimkanda binti mkono kwa maji ya moto. Hakutulaumu. Aliuliza neno moja tu: "Shemeji, ile pistoni ya zamani ilikuwa na kosa gani?"

Wasomaji wetu, hatukuwa na jibu. Tuliitoa kwa sababu ni kuukuu. Hakuna mtu aliyeipima.

Tulifanya uchungu wa swali lile kuwa safari. Tulichukua silinda, pistoni zote mbili na lile kopo, tukaenda Kayanga kwa fundi mzee ambaye watu wanamsifu kwa ukweli wake. Mzee yule alitandaza gunia safi juu ya meza, akatoa maikromita iliyofungwa katika kitambaa chenye mafuta. Akatuambia, "Maalim, macho huona mkwaruzo, hayaoni sehemu ya mia ya milimita. Na injini hufa kwa hizo sehemu za mia."

Kwanza alitueleza sababu ya kuwako nafasi kati ya pistoni na silinda. Pistoni ni aluminiamu, silinda ni chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo pistoni iliyoingia vizuri ikiwa baridi yaweza kukaza ikiwa moto, kama mlango wa mbao ulioenea fremu yake wakati wa kiangazi ukaja kukwama masika. Tena akatuonyesha kwamba pistoni si mviringo kamili kama tulivyodhani. Kichwani ni nyembamba kidogo, kwa sababu ndiko kwenye moto mkali, na sehemu ya chini iitwayo sketi ni pana zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Kwa hiyo haipimwi popote mtu apendapo. Hupimwa karibu na ncha ya chini ya sketi, kwa kukingama na tundu la pini.

Ndani ya silinda mlikuwa mmegandamana utando wa aluminiamu wa ile pistoni mpya. Mzee aliusugua polepole kwa msasa laini uliotiwa mafuta, akazungusha huku akipanda na kushuka, hata ikaachwa michoro myembamba yenye kupishana. Michoro hiyo, alisema, ndiyo ishikayo mafuta na kuzifanya ringi mpya zikae. Chini ya utando ule chuma kilikuwa salama. Kisha akaipima silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili kila mahali, kwa kuwa silinda huliwa zaidi kule juu ringi zinapogeuza mwendo. Penye kulika zaidi alipata milimita 56.54. Akapima pistoni mpya, pale sketi ilipokuwa haijakwaruzwa: 56.53. Akapima pistoni ya marehemu, iliyokuwa imefanya kazi miaka thelathini: 56.46.

Basi ikadhihirika. Ile mpya ilikuwa na nafasi ya sehemu moja tu ya mia ya milimita, wala haikuweza kupumua ikipata moto. Ile kuukuu ilikuwa na nafasi ya sehemu nane za mia, na mwisho wa kuvumiliwa katika injini hii ni sehemu kumi. Fundi akaiweka ringi moja ya zamani ndani ya silinda, akaisawazisha kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, akapima uwazi kati ya ncha zake kwa filageji. Ulikuwa sehemu tisa za kumi za milimita, ilhali ukipita nusu milimita ringi haifai tena. "Maalim," akasema, "ule moshi ulikuwa wa ringi. Pistoni yenu haikuwa na kosa."

Tuliinamisha vichwa. Kila mwaka twawasomesha wanafunzi mwanzo wa Suratun-Nisaa, pale wasimamizi wa mayatima wanapokatazwa kutwaa kilicho chema cha yatima na kuweka kibaya mahali pake. Siku zote tulidhani hayo ni maneno ya ng'ombe na mashamba. Na sisi tulitoa pistoni njema ya mayatima, tukatia mbovu, tena tukawauzia kahawa yao kulipa gharama.

Lakini mzee hakuiruhusu pistoni ile kurudi kwa kuhurumiwa tu. Kitu kuukuu, alisema, hakirudishwi kwa sababu ni cha marehemu wala kwa sababu hakuna fedha. Hurudishwa kwa kuwa kimepita mtihani. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaitazama juani kama kuna ufa kichwani, penye matundu ya pini na katika kingo za mifereji ya ringi. Makaa yaliyogandamana kichwani aliyaondoa kwa kijiti cha mti mgumu, si kwa kisu, kwani aluminiamu ni laini na alama ya kisu haifutiki. Mifereji ya ringi aliisafisha kwa kipande cha ringi iliyovunjika, akaangalia asiikwangue ikapanuka. Katika mfereji wa chini mna vitundu vya kurudishia mafuta; vilikuwa vimeziba, akavizibua kimoja kimoja. Akaijaribu pini katika tundu lake, ikaingia kwa kusukumwa na kidole na haikucheza. Akaweka ringi mpya ndani ya mfereji, akapima kama yachezacheza juu na chini. Ilipotimia yote hayo, ndipo aliposema, "Hii bado ina kazi."

Ringi mpya tulizonunua hazikufika robo ya bei ya pistoni ile iliyotudhuru. Nazo hazikufungwa hivi hivi. Kila moja ilitiwa kwanza ndani ya silinda ikapimwa uwazi wake, ikapatikana robo ya milimita. Ncha za ringi zikikosa nafasi, zikitanuka kwa moto husukumana, na ringi ikavunjika au ikakwaruza silinda. Alama iliyo juu ya ringi ilielekezwa juu, na nafasi za ringi zikatawanywa zisifuatane mahali pamoja, moshi usipate njia ya kupenya.

Ikaja zamu ya klipu mbili ndogo zinazozuia pini isitoke. Kijana alitoa zile za zamani katika kopo, akasema, "Hizi nazo zarudi?" Mzee akazitupa nje ya mlango. "Pistoni yapimika," akasema. "Klipu ikishatolewa mara moja imechoka, na uchovu wake haupimiki. Kisichopimika usikiamini." Kumbe si kila kuukuu hurudi. Klipu mpya zikatiwa, uwazi wake haukuelekezwa penye pengo la kutolea, na wakati wa kuzitia tundu la chini la injini liliwekewa kitambaa safi, kwa sababu klipu ikidondokea mle, itabidi injini yote ifunguliwe.

Jambo la mwisho ni upande. Kichwani mwa pistoni mna alama, na katika hii ni herufi zielekeazo upande wa kabureta. Tundu la pini halikutobolewa katikati kabisa, na mabonde ya kupishia valvu si sawa. Mwenye kuigeuza pistoni atasikia mgongano usiokwisha, na pengine valvu ikagonga. Mzee aliongeza kwamba katika injini za silinda mbili au zaidi kila pistoni hurudi katika silinda yake, kwa kuwa zimekwisha zoeana kama mume na mke, na mwenye kuzibadilisha huvunja nyumba mbili.

Pikipiki iliwaka katika mwezi wa Juni. Kijana aliagizwa aende taratibu katika siku za mwanzo, asibebe mzigo mzito, asiikamue injini wala asiiache iende kwa mwendo mmoja mrefu, na mafuta ya injini ayamwage mapema, kwani hubeba unga wa chuma wa ringi zinazojikalisha. Mtu akitaka kujua sababu ya tahadhari hizo na afanye hesabu ndogo. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 kwa kila sekunde moja, na katika sekunde hiyo imekwenda karibu mita 10 ikisugua. Kitu chenye kufanya kazi hiyo, na kati yake na silinda pana unene wa unywele, hakipaswi kuwekwa kwa kukisia.

Ilibaki pistoni iliyo ndani yetu wenyewe. Mwezi ule ule mavuno yakaanza, na bei ya kahawa ikafika karibu mara mbili ya ile tuliyopewa katika butura. Tulikwenda kwa mjane, mbele ya mwanawe, tukaeleza yote: kwamba tuliuza magunia mawili bila ya kumshauri, na kwamba haraka ile ilikuwa na haja yetu ndani yake. Tukampa magunia mawili kutoka shamba letu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Shemeji, mimi sikuuliza habari ya magunia. Niliuliza habari ya pistoni." Tukamwambia, "Ndiyo, shemeji. Lakini jibu la pistoni ndilo hili." Alipokea. Na tangu siku ile, Jumamosi tukipanda pikipiki ile, twamlipa kijana nauli kama abiria mwingine yeyote, na mafuta hatumwombi.

Wasomaji wetu, siku hizi watu wamegawanyika mafungu mawili. Kuna wanaodhani kila kipya ni kizuri kwa kuwa kimefungwa katika karatasi ya kung'aa, na kuna wanaoshikilia kila cha zamani kwa kuwa walikikuta. Wote wawili wamekosea, kwani wote wamekwepa kazi ya kupima. Pistoni ilirudi kwa haki na klipu zikatupwa kwa haki, na zilitoka katika kopo moja.

Na wewe uliyekabidhiwa mali ya mayatima, shamba, nyumba, cherehani au chombo cha safari, kabla hujabadilisha kitu chao, uliza kilikuwa na kosa gani, na nani amelipima. Kisha jiulize swali lililo gumu zaidi: haraka hii ni ya nani? Ile pistoni mpya iliyokwaruzika tumeiweka juu ya rafu ya chuo, kando ya misahafu midogo ya watoto. Wakituuliza ni nini, huwajibu kwamba ni deni tulilokwisha lilipa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kupima kabla ya kudhuru, na kulipa kabla ya kudaiwa. Amin.